Kutoboa

Tangu tulipofika Lewiston, Maine, miaka sita nyuma,
ndugu zangu huuliza neno moja kwenye simu:
"Vipi, umetoboa?"
Nami hujibu, bado, mambo ni taratibu,
huku nikikwangua barafu kwenye kioo cha gari la kuazima.

Leo ni Jumamosi ya mwisho wa Aprili.
Niko juu ya ngazi, drili mkononi.
Chini yangu kuna trela la mizigo, futi sita kwa kumi na mbili,
tulilouziwa na fundi vigae aliyeumwa mgongo;
vumbi lake jeupe bado limeng'ang'ania pembeni.
Ni kitu cha kwanza huku tulichokilipia chote, bila deni,
na paa lake ni zima, halina tundu hata moja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mtaka cha paani, je?
Husimama kwenye kidato cha tano
(cha ngazi; kile cha shule sikukifikia),
magoti yakimcheza.

Thibodeau wa nyumba ya pili, mchomeleaji mstaafu,
ameng'oa sumaku kwenye friji yake.
Anaitembeza batini polepole,
kama daktari asikilizaye kifua:
hapa hamna, hapa hamna, hapa,
tak. Ubavu.
Natia alama ya kalamu.
"Ukikosa ubavu," anasema, "upepo wa barabara kuu
utazipeleka paneli zako Kanada, bila pasipoti."

Paneli tatu zimelala kwenye nyasi.
Sekela amezifunika blanketi,
kwa kuwa hazijui kwamba leo ni siku ya kufungwa tu:
zikiona mwanga zinaanza kazi,
na waya zikigusana zinauma.
"Laleni kwanza," anaziambia.

Trela ni lake. Cherehani mbili, rafu ya nyuzi,
atazunguka nalo kwenye magulio ya wakulima
akibadilisha zipu za makoti, akipunguza suruali.
Hesabu kaipiga nyuma ya risiti:
cherehani, taa, feni ndogo.
Pasi aliiandika, akaikata.
Pasi itainywa betri yote
kabla kola moja haijanyooka.

Sasa yumo ndani, mlango kaufunga.
Anagonga bati kutoka chini. "Niko hapa. Toboa."

Nikabonyeza.
Bati likapiga kelele, nyuzi za alumini zikaruka ziking'aa,
mkono ukazama ghafla.
Kimya.
Halafu sauti yake, kutoka gizani:
"Jua limeingia. Liko kiganjani mwangu,
dogo, kama punje ya mtama."
Akacheka. "Haya, kawaambie umetoboa."

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu.
Gundi, skrubu, gundi tena juu ya skrubu.
Upenyo wa vidole viwili chini ya kila paneli, hewa ipite.
Ya tatu tuliisogeza nyuma, ikakikwepa kivuli cha tundu la feni;
kivuli cha ukubwa wa kitabu, alisema Thibodeau,
huilemaza paneli nzima.
Saa kumi jioni tukavuta blanketi,
na kwenye kile kisanduku cha chaji namba zikaamka,
nne, kumi na tisa, mia na tatu,
Sekela akizisoma kwa sauti kama mnada.

Usiku mvua ikanyesha.
Alikuwa amenyunyiza unga wa ngano sakafuni, kila mahali.
Tukaingia na tochi, viatu mkononi.
Mashimo kumi na mawili.
Chini ya lile la kwanza, kwenye unga,
duara moja la maji, lenye ukubwa wa kifungo cha shati.

Tukiwa tumechuchumaa hapo simu ikaita. Kaka yangu;
kwao kulikuwa kunapambazuka.
"Vipi, umetoboa?"

"Kumi na mawili," nikasema. "Moja linavuja."

Akanyamaza, akidhani mtandao umekatika.